Pesa za mradi wa kijiji zimekatwa kwenye bajeti ya ziada? Mwongozo kamili wa kuzifuata mpaka zirudi

Kama uko kwenye kamati ya lambo, ya zahanati, ya nasari, ama nyinyi ni vijana tu mnaofuatilia barabara ya kwenu, huu mwongozo nimewaandikia nyinyi. Bajeti ya kaunti watu wengi hapa Kenya wanaijua mwezi wa nne mpaka wa sita, wakati mahema yamepigwa na redio zinatangaza na kila mtu anapiga makofi mradi wake ukitajwa. Alafu mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, na kati ya hapo na Juni 30 ile bajeti inafunguliwa tena, inarekebishwa, mara nyingine hata mara mbili, na huko ndiko miradi ya mashinani inakofia kimya kimya manake wakati huo hakuna hema wala redio.

Mimi nilifunzwa haya na mama mmoja mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini kwetu. Tulikuwa na lambo, awamu ya kwanza imechimbwa, awamu ya pili ni kuongeza kina, kujenga birika la mifugo na kuzungushia ua ili ng'ombe wasiingie ndani kuchafua maji. Ilikuwa kwenye bajeti, tuliiona kwa macho, shilingi milioni sita. Miezi ikapita, hakuna kontrakta, tukiuliza tunaambiwa subirini. Siku moja kijana mmoja akaleta kurasa mbili alizoprinti kutoka kwa kitabu cha bajeti ya ziada, tukakaa chini ya mkorosho, yule mama akaweka rula chini ya mstari wetu akaivuta pole pole kwenda kulia: 6,000,000, alafu kando yake alama ya kutoa na 6,000,000 nyingine, alafu mwisho kabisa 0. Akaniangalia akaniuliza, "Mwanangu, hii sufuri hapa ni ya nini?" Tarehe iliyokuwa juu ya kile kitabu ilikuwa imepita miezi mitatu. Yaani kwa miezi mitatu tulikuwa tunangoja kontrakta wa mradi ambao haupo.

Sitaki kijiji kingine kikalie sufuri namna ile. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza elewa milango miwili ya kubadilishia bajeti

Bajeti ikishapitishwa na bunge la kaunti haiguswi tu hivi hivi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka milango miwili, na ni lazima ujue pesa zenu zimepitia upi, manake kila mmoja una masharti yake na mtu wake wa kumuuliza.

Mlango mdogo ni kifungu cha 154. Hapa afisa anayehusika na hesabu za idara, kwa kawaida ni afisa mkuu wa idara ile, anahamisha pesa kutoka programu moja kwenda nyingine bila kurudi bungeni. Lakini kafungwa mikono kwa mambo kadhaa. Lazima zile pesa ziwe zinaonekana hazitatumika pale zilipo, lazima aandikie hazina ya kaunti aeleze sababu na hazina ikubali, na jumla ya kilichohamishwa kwenda ama kutoka kwa programu kisizidi asilimia 10 ya kilichoidhinishwa kwa programu hiyo mwaka ule. Kama programu ya maji ilipewa milioni 80, basi mwisho wa kuhamisha ni milioni 8, na hiyo ni jumla ya mwaka mzima, haihesabiwi upya kila safari.

Na kuna kitu kingine kwenye kifungu hicho ambacho nataka ukikariri: pesa za maendeleo haziruhusiwi kupitia mlango huu kwenda kulipia matumizi ya kawaida. Pesa za kuchimba lambo zinaweza kwenda kuchimba lambo lingine ama kisima, haziwezi kugeuka mafuta ya gari na marupurupu ya safari. Mtu akikuambia pesa za ua wa lambo "zilihamishwa" kwenda kwa semina na bunge halikuhusika, mwambie akuonyeshe ni sheria gani.

Mlango mkubwa ni kifungu cha 135, hii ndiyo bajeti ya ziada yenyewe, wengi wanaita saplimentari tu. Inatumika pale pesa zilizotengwa hazikutosha ama limezuka jambo ambalo halikutengewa kitu. Serikali ya kaunti inaweza hata kuanza kutumia kabla bunge halijaidhinisha, lakini lazima ilete ombi bungeni ndani ya miezi miwili tangu pesa za kwanza zitolewe, na kama bunge liko likizo, ndani ya wiki mbili likirudi kukaa. Matumizi ya namna hii hayawezi kuzidi asilimia 10 ya bajeti ya mwaka ule isipokuwa bunge lenyewe limekubali zaidi kwa sababu maalum.

Mlango huu unabadilisha chochote. Unaongeza, unapunguza, unafuta, unaleta mradi mpya ambao kwa mkutano wa hadhara haukutajwa hata siku moja. Ndio mana nguvu zenu nyingi ziende hapa.

Jua sababu kabla ya kukasirika

Si kila mkato ni wizi. Hili nalisema kwa dhati, manake nimeona kamati zikienda na hasira kwa sababu isiyo sahihi na zikarudi hazina kitu.

Kuna wakati pesa zenyewe hazikuja. Mfano mzuri ni mwaka wa fedha 2024/25. Kaunti zilikuwa zimepanga bajeti zikijua mgao wa kaunti zote 47 kutoka Nairobi utakuwa bilioni 400.1. Alafu yakaja maandamano ya Juni 2024, Muswada wa Fedha ukaondolewa, serikali kuu ikasema haina hizo pesa, ukawa mvutano wa miezi kati ya Seneti na Bunge la Taifa, mwisho mgao ukatulia kwa bilioni 387.4. Hapo zimepotea karibu bilioni 12.7 ambazo tayari zilikuwa zimeandikwa kwenye vitabu kama barabara na visima. Kaunti haikuwa na budi kukata. Swali lenu mwaka kama huo haliwezi kuwa mbona mmekata, swali ni mmekata nini na mkaacha nini.

Kuna wakati kaunti yenyewe ilijidanganya kwenye mapato yake ya ndani, ushuru wa soko, maegesho, leseni, ada za machimbo, wakaandika watakusanya bilioni moja na kila mwaka hawapiti nusu yake. Huu ugonjwa ni wa kaunti nyingi na ripoti za Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget, ofisi inayosimamia matumizi ya bajeti za serikali) zinaurudia. Kadirio likiwa hewa, kuna miradi ambayo ni hewa tangu siku ya kwanza, haijulikani tu ni ipi.

Kuna madeni ya wakandarasi ya miaka ya nyuma yanayodaiwa kulipwa kwanza. Kuna majanga, na sisi wa sehemu kavu tunayajua, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, alafu hao hao waliokuwa wanapelekewa maji kwa bauza wakafurikiwa na El Niño mwisho wa 2023. Kaunti ina hazina yake ya dharura lakini sheria inaizuia isitumie zaidi ya asilimia 2 ya mapato ya mwaka uliotangulia yaliyokaguliwa, kwa hivyo janga likiwa kubwa lazima bajeti ifunguliwe.

Na kuna sababu ya tano ambayo haiandikwi popote: mradi wenu haukuwa na mtetezi. Wakati maafisa wanatafuta pa kukata, wanaanza na mstari ambao haujatangazwa tenda na hakuna mtu anauulizia. Huo ndio ukweli, nimeuona mara nyingi sana.

Hatua ya kwanza: pata vitabu

Unahitaji vitatu. Bajeti iliyoidhinishwa ya mwaka huu, ile yenye orodha ya miradi kwa kila wadi. Pendekezo la bajeti ya ziada, likishapelekwa bungeni. Na ripoti ya utekelezaji ya robo mwaka, ambayo kaunti inatakiwa kuitoa ndani ya mwezi mmoja baada ya kila robo kwisha. Anza kwa tovuti ya kaunti, alafu tovuti ya bunge la kaunti, alafu ofisi ya karani wa bunge. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti ziko kwa tovuti ya ofisi yake na zina sura ya kila kaunti.

Kama hazipo, na mara nyingi hazipo ama ni faili lisilofunguka, usibaki kulalamika kwa WhatsApp. Andika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi laweza kuandikwa kwa Kiingereza ama Kiswahili, na kama mtu hajui kusoma wala kuandika, ama ana ulemavu unaomzuia, anasema kwa mdomo na afisa ndiye anatakiwa aandike. Wanatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Hakuna ada ya kuomba, mnaweza tu kutozwa gharama ya fotokopi. Wakikataa ama wakinyamaza, mna siku 30 za kupeleka malalamiko kwa tume ile watu wanaiita Ombudsman (Commission on Administrative Justice). Barua yenyewe iwe fupi hivi:

"Kwa Afisa Mkuu wa Fedha. Sisi kamati ya lambo la kijiji fulani, wadi fulani, tunaomba chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016 nakala ya: bajeti ya ziada ya mwaka wa fedha 2025/26 kama ilivyowasilishwa bungeni, pamoja na orodha ya miradi kwa wadi, na barua yoyote ya kuhamisha pesa kutoka programu ya maji kati ya Julai mosi na leo. Tutaichukua wenyewe ofisini."

Peleka nakala mbili, moja wapige muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo. Bila ule muhuri hizo siku 21 hazina pa kuanzia.

Hatua ya pili: soma kwa rula

Vitabu hivi ni vikubwa, kurasa mia tatu, mia nne, vyote kwa Kiingereza, na hapo ndipo watu wazima wenye akili zao wanakata tamaa. Usisome chote. Ruka maneno yote ya mwanzo, nenda moja kwa moja kwa majedwali ya maendeleo, tafuta jina la wadi yenu. Kama ni faili la simu, tafuta kwa jina la kijiji na ujaribu na tahajia tofauti, manake wanaoandika wanakosea majina yetu vibaya. Lambo letu sisi tulilipata limeandikwa jina la kijiji cha jirani.

Jedwali la bajeti ya ziada kwa kawaida lina safu tatu za namba. Ya kwanza ni kilichoidhinishwa mwanzo, ya pili ni badiliko, ya tatu ni jumla mpya. Badiliko likiwa na alama ya kutoa ama limefungwa kwa mabano, hiyo imekatwa. Weka rula, vuta, andika kwa daftari. Usiandike wa kwenu peke yake, andika kila mstari wa wadi yenu uliobadilika, alafu angalia wadi za jirani, alafu angalia idara nzima.

Sasa fanya kitu ambacho wengi hawafanyi: tafuta zilikoenda. Pesa zilizokatwa hazikupotea, zimeandikwa mahali pengine kwenye kitabu hicho hicho. Pita kwa matumizi ya kawaida ya idara ile na ya ofisi kubwa kubwa, angalia safari za ndani, safari za nje, mafunzo, mapokezi ya wageni, fanicha, ukarabati wa ofisi, matangazo. Ukiona safari zimetoka milioni 12 zikawa 19 na lambo limekuwa sufuri, basi umeshapata hoja yako yote na hujasema neno baya kwa mtu yeyote.

Angalia pia miradi mipya iliyozuka. Mradi ambao haukuwa kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka wala kwenye bajeti ya kwanza, na leo umepewa milioni nane, una haki ya kuulizwa umetoka wapi. Inaweza kuwa na jibu zuri, daraja limesombwa kwa mfano. Uliza tu.

Hatua ya tatu: pima kama mabadiliko yenyewe yamefuata sheria

Hapa usitafute mambo mengi. Mimi huangalia matatu.

Asilimia 30. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo, ikihesabiwa kwa kipindi cha miaka kadhaa. Chukua jumla ya maendeleo baada ya marekebisho, gawa kwa jumla ya bajeti yote, zidisha mara mia. Kaunti ya bilioni 10 ambayo maendeleo yake yameshushwa kutoka bilioni 3.2 hadi 2.6 imetoka asilimia 32 ikaenda 26, na hiyo ni hoja ya kuandikwa kwa wino mzito. Usisahau kuangalia pia matumizi halisi, manake kwenye karatasi wanaandika 31 na mwisho wa mwaka kilichotumika kwa maendeleo ni nusu ya hiyo.

Mishahara. Kanuni za 2015 za ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma zinataka isizidi asilimia 35 ya mapato yote ya kaunti. Kaunti nyingi zimepita, kwa hivyo hii pekee haitawasaidia sana, lakini inaeleza mbona nafasi ya maendeleo ni finyu.

Na pesa zenye masharti. Kama mradi wenu uko chini ya mpango wenye mfuko wake, kwa mfano ule wa tabianchi unaoitwa FLLoCA ambao una kamati zake za wadi, ama wa kilimo wa NAVCDP, zile pesa zimekuja na jina lake na haziwezi kugeuzwa kulipia kitu kingine. Mstari wa namna hiyo ukishuka uliza mara moja, ni pesa hazijafika kutoka Nairobi ama ni nini. Majibu hayo mawili yana tofauti kubwa sana.

Hapo hapo hakikisheni mnachoulizia ni kazi ya kaunti. Maji ya kijijini, nasari, zahanati, barabara za kaunti, kilimo na mifugo, masoko, hayo ni ya kaunti. Darasa la shule ya msingi ni la serikali kuu na CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge. Nimeshuhudia kikundi kikipoteza mkutano mzima kudai madarasa kwa kamati ambayo hata ikitaka haiwezi.

Hatua ya nne: andika maoni ambayo mtu anaweza kuyatumia

Hii ndio roho ya kazi yote, na ndipo nitakaa kidogo.

Maoni mengi yanayopelekwa bungeni ni vilio. "Sisi wananchi tumesahaulika, tunaomba serikali itukumbuke." Ni kweli, tumesahaulika, lakini yule karani wa kamati ya bajeti anayeandaa ripoti usiku hana pa kuliweka hilo neno kwenye jedwali. Yeye anataka mstari gani, kiasi gani, kitoke wapi, kwa nini. Ukimpa hivo vinne, umemfanyia kazi yake na kuna nafasi nzuri maneno yako yaingie kwenye ripoti kama yalivyo.

La kutoka wapi ndilo gumu na ndilo la muhimu zaidi. Ukitaka kitu kiongezwe lazima useme kipi kipungue, jumla ibaki pale pale. Ukiomba milioni sita bila kusema zitoke wapi, utaambiwa ahsante tumepokea, na hiyo ndio itakuwa mwisho. Na ukitaja pa kukata, chagua mahali ambapo hakuna kijiji kingine kinaumia. Usiseme toa kwa zahanati ya wadi jirani. Mtagombana nyinyi kwa nyinyi na safari za nje zitabaki palepale.

Na ujue kiwango chenu cha chini. Kama milioni sita zote haziwezekani, ni kiasi gani kitafanya mradi ufike mahali pa kutumika? Sisi tulikaa na fundi tukagawanya: kuongeza kina 3,600,000, birika la mifugo 900,000, ua 1,500,000. Tukasema ua tutaufanya wenyewe kwa miti na miiba kwa muda, ile 4,500,000 ndiyo hatuwezi kushuka. Kamati ilishangaa, wamezoea watu wanaosema yote ama hapana.

Mfano wa maoni, badilisheni majina na namba zenu:

"Kwa Karani wa Bunge la Kaunti, kwa makini ya Kamati ya Bajeti. Maoni kuhusu bajeti ya ziada ya kwanza, mwaka wa fedha 2025/26. Ukurasa wa 214, idara ya maji, lambo la kijiji fulani awamu ya pili, limeshushwa kutoka shilingi 6,000,000 hadi 0. Tunaomba lirudishiwe shilingi 4,500,000. Tunapendekeza zitoke ukurasa wa 61, safari za ndani, ambazo zimeongezwa shilingi 7,000,000. Sababu: awamu ya kwanza imeshalipwa na lambo lina kina cha mita moja na nusu, linakauka wiki sita baada ya mvua, hivyo pesa za kwanza hazileti faida bila awamu ya pili. Linatumiwa na kaya 240 na zahanati moja. Jamii itatoa miti na nguvu kazi ya ua. Tumeambatanisha picha mbili, kumbukumbu za mkutano wa kijiji na sahihi za watu 163."

Ukurasa mmoja, usizidi. Picha ni za maana sana, piga moja ya lambo likiwa limekauka na mtu amesimama ndani ili kina kionekane. Kumbukumbu za mkutano ziwe na tarehe, na muitishe mkutano kweli, msikae watu wanne kwa mwenyekiti mkajifanya kijiji. Kina mama ndio wanachota maji, wakiwepo wataongea mambo ambayo nyinyi hamkuyawaza. Kwetu mmoja alisema saa anazoamka wakati lambo limekauka, tukaliandika lile neno lake kama lilivyo, na mjumbe mmoja wa kamati alilisoma kwa sauti.

Hatua ya tano: ipeleke kwa watu wanaofaa, kwa wakati

Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti inatangaza kushirikisha umma, mara nyingi kwa gazeti na kwa mitandao, na siku ni chache mno, mara nyingine wiki haifiki. Kwa hivyo andikeni mapema, namba mtajaza kitabu kikitoka. Mtu mmoja kwenye kamati yenu apewe kazi ya kuangalia ukurasa wa bunge kila Jumatatu na Alhamisi, hasa kuanzia Oktoba mpaka Mei. Hakuna tarehe moja ya bajeti ya ziada kwa kaunti zote, ndio mana inawapita watu.

Peleka kwa karani wa bunge, pata muhuri. Nakala kwa MCA wenu, yaani mjumbe wa wadi bungeni, hata kama hamkumpigia kura na hata kama anawanunia. Mwite kwenye mkutano, mpe nafasi ya kuubeba mradi, hata akisema ni wake muache aseme, nyinyi mnataka maji. Nakala nyingine kwa msimamizi wa wadi na kwa afisa wa maji. Pia ulizeni nani anawawakilisha kwenye jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti, lile linaloongozwa na gavana, sheria inasema ndani yake kuwe na wawakilishi wasio maafisa wa kaunti, wa kina mama, watu wenye ulemavu, wazee, wafanyibiashara, wa dini na wengine, idadi yao sawa na ya kamati kuu ya kaunti (gavana na mawaziri wake). Hao watu wapo, wengi hatujawahi kuwatafuta.

Mkienda ukumbini nendeni wachache na mmoja aongee, dakika tatu, anasoma mstari, kiasi, kitoke wapi, kwa nini, anakaa. Andikisheni majina yenu kwa orodha ya waliohudhuria na mpige picha ile orodha. Mkutano wa umma uliofanywa vibaya ama haukufanywa kabisa ni kasoro ya kikatiba, na korti za Kenya zimeshawahi kufuta sheria kwa sababu hiyo. Mkiona mmefungiwa, haki ya kupeleka ombi rasmi bungeni ipo kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti.

Hatua ya sita: zikirudi, msilale

Hapa ndipo sisi tulijikwaa mara ya kwanza. Tulirudishiwa pesa kwenye karatasi, tukachinja mbuzi, na ilikuwa katikati ya Mei. Kutoka bajeti kupitishwa mpaka kontrakta kuingia na kulipwa kuna safari ndefu: idara itoe makadirio ya kazi, tenda itangazwe, itathminiwe, mshindi ajulishwe, alafu zipite siku 14 kabla ya kutia sahihi mkataba, alafu hazina iombe pesa na Msimamizi wa Bajeti aidhinishe kutolewa kutoka kwa mfuko wa mapato wa kaunti. Mei haiwezi kubeba yote hayo. Juni 30 ikafika, na sheria inasema idhini ya mwaka inakufa siku hiyo, kisichotumika kinarudi kwa akaunti ya kaunti. Tukawa tumerudi pale pale.

Kwa hivyo bajeti ya ziada ikipita tu, wiki hiyo hiyo nendeni ofisi ya maji mkaulize makadirio ya kazi yako tayari. Kama injinia hajaja kupima, ombeni tarehe, na kama gari ndilo tatizo semeni mtachanga pikipiki ya kumleta. Mkawe mnauliza kila wiki mbili, kwa adabu, mtu yule yule, na kila jibu liandikwe kwa daftari na tarehe na jina la cheo. Tenda ikitoka ombeni nakala ya kazi zilizoorodheshwa, ili kontrakta akija na birika la mita tatu mjue iliandikwa mita sita.

Na kama mwaka umeisha mradi haujaanza, usiamini mtu akikuambia "pesa zenu zipo zinangoja." Mradi lazima uandikwe upya, kwa kawaida kwenye bajeti ya ziada ya kwanza ya mwaka unaofuata, pamoja na miradi mingine iliyovuka mwaka. Andikeni barua Julai mkiuliza kama uko kwenye orodha hiyo. Sambamba na hapo ingizeni mradi kwenye mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao kaunti inatakiwa iwe imeupeleka bungeni kufikia Septemba mosi, ili hata ukikosa kwa ziada uwe na mguu kwenye bajeti kamili ya mwaka mwingine. Lambo letu lilipita hivyo. Mwaka wa pili tulikuwa na barua yetu pale bungeni Oktoba, namba ya ukurasa tukaijaza kwa kalamu siku kitabu kilipotoka, na mashine ya kuchimba iliingia kijijini mwezi wa pili, kabla mvua hazijaanza.